Ua jeupe la Horombo na bustani ya mawe ya Uskoti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Marangu, nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro misimu minne kabla ya kuhamia Uskoti. Juu kidogo ya kambi ya Horombo, chini ya mwamba unaochuruzika maji, kulikuwa na kimmea chenye maua meupe ya petali nne. Kila tukipumzika nilikuwa nakitazama. Mwaka jana nimekiona dukani huku, kibao kimeandikwa Arabis, nikanunua miche sita. Nilirundika udongo mzuri na samadi, nikapanga mawe juu, nikapanda mitano. Wa sita niliuweka dirishani sebuleni. Ile ya nje yote ilioza kabla ya Februari, ingawa niliifunika kwa nailoni isipigwe na baridi. Wa ndani umenona majani lakini haujatoa hata ua moja. Je, ndiyo ile ya nyumbani? Nimekosea wapi? Na mzee wangu ana nyumba ndogo ya wageni pale Marangu, anataka nimpelekee miche hiyo apambe mbele ya nyumba. Nimpelekee?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mwamba unaousema siujui kwa jina, lakini miamba ya aina yake naijua vizuri, na hicho kimmea nimekitafuta kwenye kila mlima niliopanda.

Tuanze na jina. Ulichokuwa unakitazama juu ya Horombo, kwa maelezo yako, ni Arabis alpina. Majani yake ya chini yamejipanga duara karibu na jiwe. Yale ya juu hayana kikonyo: yamelikumbatia shina kwa masikio mawili madogo. Petali ni nne, nyeupe, zimekaa msalaba, na kila moja haifiki hata ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Msalaba huo ndio alama ya ukoo, kwa maana huu ni ukoo wa kabichi, figili, haradali na sukuma wiki. Bila shaka umewahi kuona sukuma wiki iliyoachwa shambani mpaka ikachanua. Ua ni lile lile, ila la njano. Ukitafuna kipande cha jani la Arabis utaujua ukoo kwa ulimi.

Mara ya kwanza nilipoupata mmea huu Kilimanjaro ilikuwa asubuhi, kivuli bado kimelala kwenye mwamba na sakitu haijayeyuka. Nililala kifudifudi nikageuza jani moja, nikaweka lenzi ya mfukoni. Kwa macho matupu jani lilikuwa kama limenyunyiziwa vumbi la unga. Kwenye lenzi vumbi lile likawa manyoya, na kila unywele umechanuka kwa juu kama nyota. Chini ya majani, shina liliingia katika ufa mwembamba kuliko ncha ya kisu changu. Nilijaribu kuchungulia mizizi inaishia wapi nikashindwa. Maji yalikuwa yanateremka ndani ya ufa huo, baridi, tone moja moja, lakini pale majani yanapoanzia jiwe lilikuwa kavu. Picha hiyo ya mizizi iliyo majini na shingo iliyo pakavu ishike vizuri, maana ndiyo jibu la karibu nusu ya maswali yako.

Sasa ile ya dukani. Karibu kila mara kinachouzwa Uingereza na Uskoti kwa jina la Arabis ni Arabis caucasica, ambayo asili yake ni milima ya kusini mwa Ulaya, Uturuki na Caucasus mpaka Iran. Wataalamu wengi kwa muda mrefu waliihesabu kuwa tawi tu la Arabis alpina, na vibao vingine bado vinaandika hivyo, kwa hiyo usimlaumu muuzaji. Utaitambua kwa maua makubwa zaidi, majani yenye rangi ya majivu kwa wingi wa manyoya, na tabia ya kutambaa ikafunika eneo kubwa. Kuna ya maua yaliyorudufika petali, inaitwa ‘Flore Pleno’, na kuna ya majani yenye kingo za rangi ya maziwa, ‘Variegata’. Kwa hiyo uliyonunua si yenyewe hasa ya Horombo. Ni mtoto wa mama mdogo. Macho yako hayakukudanganya kuhusu sura ya familia.

Ya nyumbani nayo ilitoka mbali. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya Arabis alpina kutoka Ulaya, Asia na Afrika, wakaona kwamba chimbuko lake ni Asia Ndogo, eneo la Uturuki ya leo, katika kipindi cha miaka milioni mbili iliyopita. Kutoka huko ilisafiri kwa njia tatu. Moja iliingia Ulaya, ikafika milima ya Alps na hata nchi za barafu za kaskazini. Nyingine iliteremka kupitia Uarabuni ikaingia milima ya Ethiopia, kisha Mlima Elgon, Mlima Kenya na Kilimanjaro. Ya tatu ilipita Caucasus na Iran, nayo baadaye ikaja kukutana na wenzake Ethiopia. Fikiria mmea wenye mbegu nyembamba ya milimita moja hivi, yenye utando mdogo pembeni kama bawa, ukiruka kutoka kilele hadi kilele juu ya nyanda za joto ambazo hauwezi kuishi hata msimu mmoja. Mimi nimeisoma habari hiyo miaka mingi na bado inanisisimua.

Na huko uliko yupo ndugu wa damu. Kwenye milima ya Cuillin, kisiwa cha Skye, Arabis alpina yenyewe inaota porini, na ndiko mahali pekee katika Uingereza yote inakojulikana kuota kwa asili. Mtaalamu wa mimea Henry Chichester Hart aliigundua huko mwaka 1887. Iko kwenye vibamba vichache vya mwamba, na sheria inakataza kuichuma au kuing’oa. Ukipata nafasi ya kwenda Skye, nenda ukaitazame milima hiyo. Ina miamba myeusi ya asili ya volkano, na mtu aliyelelewa chini ya kilele cha Kibo hataona ugeni.

Twende kwenye vifo vya miche yako mitano. Umeniandikia kwamba uliifunika isipigwe na baridi. Mwanangu, baridi haikuwa na kosa. Mmea ambao ndugu yake hulala kwenye sakitu usiku mwingi wa mwaka hauwezi kuuawa na kipupwe cha mji wa Uskoti. Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, aliyepanda milima yetu mwaka 1948, alieleza hali ya juu kule kuwa ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Wewe uliyelala Horombo unajua maana yake: saa nane mchana unavua sweta, saa kumi na moja alfajiri maji ya kwenye ndoo yameshika ganda la barafu. Mmea unayaweza yote hayo.

Kilichoua miche yako ni maji yaliyosimama shingoni. Nasema shingoni nikimaanisha pale shina linapokutana na udongo. Kwenye Alps, mmea wa aina hii unapita kipupwe chini ya theluji. Theluji ni blanketi: chini yake halijoto haishuki sana chini ya sifuri, hakuna upepo, na muhimu zaidi, hakuna mvua, kwa sababu maji yote yameganda. Majani yanakaa pakavu kwa miezi. Kwenye Kilimanjaro, usiku unagandisha lakini jua la asubuhi linakausha jiwe na jani. Uskoti ya mabondeni haina lolote kati ya hayo. Inanyesha mvua ya manyunyu wiki nzima, inaganda usiku mmoja, inayeyuka, inanyesha tena. Udongo uliorundika, wenye samadi, ulishika maji hayo kama sifongo. Juu yake ukaweka nailoni, na ndani ya nailoni hewa haizunguki, mvuke unagandamana, jani halikauki asilani. Ukuvu unaoozesha shingo ya mmea hauhitaji zaidi ya hapo. Nadhani ulipoinua nailoni ulikuta majani ya chini yamekuwa ya kahawia na kuteleza, na ulipogusa mche ukakatikia mkononi bila mizizi kuja. Kama ndivyo, basi ndiyo hiyo.

Samadi nayo ilichangia. Mmea uliozoea ufa wa jiwe ukipewa chakula kingi hukua upesi, laini, wenye maji mengi, na mwili wa namna hiyo hauna kinga. Sisi wakulima tunazaliwa tukijua kwamba mbolea ni upendo, na kwa mgomba ni kweli kabisa. Kwa mimea ya miambani uizuie mikono yako.

Nikwambie bustani ya mawe ni kitu gani, maana wengi wanadhani ni bustani iliyopambwa kwa mawe. Mawe si pambo. Mawe ni mtambo wa maji. Jiwe lililozikwa linakausha shingo ya mmea juu, na chini yake linaweka unyevu na ubaridi ambao mizizi inaufuata. Mvua ikinyesha, maji yanapita haraka kwenye changarawe, yanakwenda chini, na mzizi unayafuata huko huko. Mmea unakunywa chini na unapumua juu. Ni ule ule ufa wa Horombo, umejengwa kwa mikono. Waingereza wamekuwa wakijaribu kuujenga muda mrefu. Ile ya bustani ya Chelsea Physic Garden, London, ilianza mwaka 1773, na sehemu ya mawe yake ni lava kutoka Iceland, iliyoletwa na meli ya mtaalamu wa mimea Joseph Banks. Mawe ya volkano, kama ya kwenu. Zaidi ya karne moja baadaye alikuja Reginald Farrer, mtu wa Yorkshire, aliyewakemea kwa ukali mkubwa watu waliosimamisha mawe juu ya tuta la udongo kama lozi zilizochomekwa kwenye chakula kitamu. Mtu huyu aliipenda mimea ya milimani kiasi cha kufia kazini mwaka 1920, akikusanya mbegu kwenye milima ya kaskazini mwa Burma. Kwa maelezo yako, tuta lako lilikuwa la lozi. Usione haya. Karibu kila mtu huanza hivyo, na kulibomoa ni kazi ya siku mbili.

Libomoe, basi. Chagua mahali panapopata jua walau nusu ya siku na pasipodondokewa na maji ya mti, kwa sababu matone ya mti yanaendelea saa nyingi baada ya mvua kukatika. Pakiwa na mteremko ni heri. Ondoa nyasi zote pamoja na mizizi, kwa bidii, maana ukishapanga mawe hutaweza tena kuifikia. Tandaza kifusi cha mawe na matofali yaliyovunjika kina cha sentimita 15 hadi 20. Juu yake weka mchanganyiko wa sehemu tatu zinazolingana: udongo wa kawaida wa bustani, mboji ya majani iliyooza vizuri, na changarawe yenye kingo kali iliyooshwa vumbi. Usitumie mchanga laini wa kujengea, unashikamana na kuziba. Kipimo changu ni cha mkono: chukua konzi ya mchanganyiko ukiwa na unyevu, ubane, kisha fungua kiganja. Ukibaki donge, ongeza changarawe. Ukisambaratika wenyewe, uko tayari.

Mawe sasa. Nunua machache makubwa kuliko mengi madogo, na yawe ya aina moja. Yatazame: mawe mengi yana mistari, kama mbao. Mistari hiyo ielekee upande mmoja kwa mawe yote, ndipo macho yataamini kwamba ni mwamba mmoja unaochomoza ardhini. Zika kila jiwe theluthi moja mpaka nusu ya kimo chake, na ulilaze kidogo kuelekea nyuma ili mvua inayoligonga iteremkie ndani ya tuta, si mbele. Simama juu yake. Likitikisika, litoe uanze upya. Jiwe linalocheza hukata mizizi. Kati ya jiwe na jiwe acha nyufa za upana wa vidole viwili vitatu, ujaze mchanganyiko na kuushindilia kwa kijiti kusibaki mifuko ya hewa.

Panda Aprili au mapema Septemba. Toa mche kwenye kopo, kung’uta taratibu udongo wa dukani, kwa sababu ule ni wa kushika maji na utabaki kama kitambaa kilicholoa katikati ya changarawe yako. Laza mizizi ndani ya ufa, jaza, kisha zungushia shingo changarawe tupu kina cha sentimita mbili au tatu, ukiinua majani yalale juu yake. Hapo ndipo penye uhai wa mmea. Mwagilia mara moja, vizuri, kisha wiki mbili za kwanza tazama tu usikauke kabisa. Baada ya hapo, Uskoti itakumwagilia yenyewe. Ukitaka kuukinga kipupwe, usiufunike kwa nailoni: weka kipande cha kioo au plastiki ngumu juu yake, kimeinuliwa kwa vijiti vinne, pande zote wazi. Kinachozuiwa ni mvua. Upepo uachie njia.

Kuna jambo moja kuhusu Arabis caucasica ambalo wauzaji hawalisemi. Ni mmea wenye nguvu, na katika miaka michache unaweza kutanda nusu mita na zaidi, ukiwafunika majirani wadogo. Usiupe ufa wako bora. Uweke juu ya ukuta au kwenye pembe ya tuta ambako utaning’inia na kuteremka kama pazia jeupe mwezi wa Machi na Aprili, wakati nyuki wa kwanza wanatafuta chakula na maua mengine bado yamelala. Hapo una sababu ya kuupenda. Ule ufa mzuri, ulio na kivuli cha mchana na unyevu chini, uhifadhi kwa ajili ya Arabis alpina yenyewe. Mbegu zake hupatikana kwa wakusanyaji wa mimea ya milimani, na chama chao kikubwa Uingereza, Alpine Garden Society, kilichoanzishwa mwaka 1929, huwagawia wanachama mbegu kila mwaka. Wengi hawauthamini kwa sababu maua yake ni madogo. Mimi ningeuchagua huo kwanza siku yoyote, na nadhani wewe pia, maana ndio uliokuwa unautazama ukiwa umeshusha mzigo.

Kwa kuwa ni ukoo wa kabichi, maadui wake unawajua: vidukari, viwavi wa kipepeo mweupe, na ule ugonjwa wa udongoni unaofanya mizizi ivimbe vinundu. Ukilima sukuma wiki au kabichi kwenye kitanda cha jirani, usihamishe udongo wa huko kuja huku. Konokono nao wanaupenda, ila changarawe yenye kingo inawachelewesha.

Mche wa dirishani una kisa chake, na hiki ni kizuri. Umekula, umenywa, umepata joto, ukanona. Kwa nini usichanue? Kwa sababu haujaambiwa kwamba kipupwe kimepita. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Cologne, Ujerumani, walieleza jeni moja ya Arabis alpina waliyoiita PEP1. Kazi yake ni kuzuia maua. Maadamu mmea uko kwenye joto, jeni hiyo inafanya kazi na kila chipukizi linatoa majani tu. Baridi ya muda mrefu ndiyo inayoinyamazisha. Mimea waliyoitumia, iliyotoka milima ya kaskazini mwa Hispania, ilihitaji majuma kama 12 ya baridi ndipo ichanue vizuri. Kisha, joto likirudi, PEP1 inaamka tena, na machipukizi ambayo hayakuwahi kuanza ua yanarudi kutoa majani, yakingoja mwaka mwingine. Ndiyo sababu mmea hauchanui wote ukafa kama mchicha. Unatoa sehemu, unabakiza sehemu. Baadaye, mwaka 2013, ilionekana pia kwamba umri una neno: mche mdogo mno, wa chini ya majuma matano hivi, hata ukipigwa na baridi hausikii. Huo wa dukani ni ndugu wa karibu, na nadhani tabia yake kuhusu baridi haiko mbali na hiyo.

Kwa hiyo mche wako wa sebuleni ni mzima kabisa, ila umenyimwa usiku wa Horombo. Utoe nje taratibu, siku za kwanza kivulini, kisha uupande kwenye tuta jipya. Upite nje kipupwe chote kijacho. Na ukipata mbegu, zisie Juni au Julai ili miche iwe imepita utoto kabla baridi haijaingia. Zitawanye juu ya changarawe laini yenye unyevu, usizifukie sana, zinapenda kuona mwanga.

Sasa mzee. Najua inavyokuwa mzazi anapoomba kitu na wewe uko mbali, kwa hiyo nitakujibu waziwazi: usimpelekee. Marangu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, Horombo iko mita 3,720. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa takriban nusu digrii na kidogo, hivyo kati ya uwanja wa mzee na ule mwamba wako kuna tofauti ya digrii zinazokaribia 13. Mmea utafanya pale kama ulivyofanya sebuleni kwako: majani bila maua, na mvua za masika zikija, shingo itaoza. Juu ya hayo, mche hauingizwi nchini mfukoni. Unahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya Tanzania ya afya ya mimea na viuatilifu, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka miche, na sababu ni ya kweli, maana udongo wa kopo moja unaweza kubeba ugonjwa wa kabichi ukaingia mashamba ya Kilimanjaro. Na asije mtu akamshawishi mzee kuteremsha miche kutoka juu. Ile ni hifadhi ya taifa, na kwenye ufa mmoja inaweza kuwa mmea mmoja tu.

Lakini bustani ya mawe mzee anaweza kuwa nayo, tena ya kuwashinda wa Chelsea, kwa sababu lava haihitaji kuletwa kwa meli. Iko kwenye ua wake. Mwambie achague mawe yale yale meusi yenye vitundu, ayazike kwa namna niliyokueleza, nyuma yake aache masale yasimame kama yanavyosimama kwenye kila kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga. Upande wa jua apande mishubiri midogo na Kalanchoe, ambazo zinashika jiwe bila kudai mengi. Upande wa kivuli, chini ya upenu ambapo baridi ya Juni na Julai haipigi moja kwa moja, aweke Saintpaulia, lile ua la zambarau la Usambara. Watu wa Ulaya wanalijua kama ua la dirishani, hawajui kwamba kwao ni kwenye miamba yenye ukoga ndani ya misitu yetu ya Tanga na Morogoro, likiwa limeshika jiwe kama Arabis ilivyoshika lake. Anunue ya kitaluni, iliyooteshwa kwa jani. Ya porini imebaki kidogo. Kati ya mawe ajaze kangaga.

Na kama mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachagga, bado unapita juu ya nyumba, muulize kama anaweza kupata tone lake. Si mkondo, tone tu: bomba jembamba lenye tundu dogo, lifichwe nyuma ya jiwe la juu kabisa, liloweshe uso wa lava mchana kutwa. Aache mvua mbili zipite bila kupanda chochote pale. Kisha akupigie picha uone ni nini kimeota chenyewe.